Kituo chetu cha afya hakina nambari: barua ya wazi kutoka Mji wa Kale, Mombasa

Kwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Dijitali. Kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Na kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kibokoni, ndani ya nyumba ya mawe aliyotuachia babu. Kuta zake ni nene hivi kwamba mtoto hukaa dirishani na miguu yake yote akaikunja ndani. Simu ya mkononi humu hushika mtandao mahali pawili tu: kwenye ngazi, karibu na dirisha la barabarani, na juu sutuhini, kwenye paa. Mamangu ana miaka 84 na ngazi haziwezi tena. Kwa zaidi ya miaka thelathini tulikuwa na simu ya mezani ukumbini, na ikilia ilisikika hadi jikoni. Simu yenyewe ingalipo. Mlio ndio uliokatika.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Najua mwaukumbuka usiku ule, maana hata uwanja wa ndege wa Nairobi uliingia giza. Hapa kwetu, yapata saa sita, mamangu sukari ilimshuka. Jasho baridi lilikuwa likimtoka, mikono inatetemeka, maneno hayatoki sawa. Nikakoroga maji ya sukari nikamnywesha kwa kijiko, kisha nikaishika simu. Chaji ilikuwa asilimia 11. Nikapanda ngazi kwa kupapasa ukuta, tochi sikuthubutu kuiwasha, nikafika sutuhini nikapiga nambari ya kituo cha afya kilicho karibu nasi. Nambari ile niliinakili siku moja kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pao, imeandikwa kwa kalamu ya wino.

Ikaita, ikaita, akapokea mwanamke mwenye sauti ya usingizi. Nikamweleza yote kwa haraka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole: "Dadangu, mimi nilihamishwa. Niko Taveta, mwaka wa pili sasa. Hiyo ni nambari yangu mwenyewe."

Hakunikatia. Aliniambia niendelee na maji ya sukari, nimpe na kipande cha mkate akiweza kumeza, na nikiona analegea nisingoje. Nikamwomba nambari ya aliye zamu usiku ule. Hakuwa nayo, aliyekuja baada yake hata hakuwahi kumwona. Tulipoagana chaji ilikuwa asilimia 6. Nikashuka, nikagonga mlango wa jirani, mwanawe akatoa tuktuk, tukamfikisha mgonjwa hospitali. Alfajiri alikuwa ameketi kitandani akiniuliza kama mlango wa nyuma niliufunga.

Muuguzi yule simlaumu hata chembe, na popote alipo Mungu amlipe. Yeye alitoa nambari yake kwa sababu kazini hapakuwa na nambari nyingine ya kutoa. Alipohamishwa, simu ya kituo ikahamishwa pamoja naye ndani ya mkoba wake. Hilo ndilo jambo lililonifanya niandike barua hii. Mji huu unapoteza simu za mahali, na kila inapopotea moja tunaambiwa tusijali kwa kuwa kila mtu ana simu mfukoni. Simu ya mfukoni ni ya mtu. Mtu huhama, huenda likizo, hulala, huishiwa chaji, huporwa simu Mwembe Tayari na mwendesha pikipiki. Na laini ikikaa miezi bila kutumiwa, nambari hurudishwa ikauzwa kwa mwingine, nawe ukapiga ukidhani wapigia chifu, kumbe umempigia mtoto wa shule.

Babangu, Mungu amrehemu, aliomba laini akangoja miaka minne. Tuliipata 1979. Wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika, na shirika la posta na simu la nchi tatu limegeuka kuwa letu wenyewe. Mafundi walikuja wawili na ngazi ya mbao, wakapitisha waya juu ya kichochoro, wakauingiza kwa tundu la dirisha. Simu ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha. Nambari ilikuwa ya tarakimu sita. Baadaye ikaongezwa 2 mbele, na nambari ya mji ikatoka 011 ikawa 041. Mimi sasa hata nambari ya mwanangu siijui kwa moyo, lakini ile ya nyumbani ukiniamsha usingizini nitakutajia.

Babangu alitia kufuli ndogo kwenye tundu la nambari ili watoto tusipige ovyo, maana bili ilikuwa bili. Lakini kufuli lile lilizuia kupiga tu. Kupokea kulikuwa kwa mtaa mzima. Nyumba tisa zilikuwa zikitoa nambari yetu kwa jamaa zao wa Muskati, Jeddah, Lamu na Nairobi. Simu ikilia, mmoja wetu alipokea akasema "Subiri nikakuitie," akauweka mkono wa simu kando juu ya kitambaa cha kufuma, akakimbia vichochoroni. Mpigaji alikuwa akisikia nyumba yetu wakati akingoja: mwiko chunguni, redio, adhana ya msikiti wa jirani. Kuna mzee mmoja wa Muskati aliyemwambia mamangu kwamba hulipia dakika mbili za kusikia Kibokoni kabla hata dadake hajafika.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni tarehe 29 Aprili 1994, Ijumaa, feri ya Mtongwe ilipopinduka. Watu zaidi ya 270 walikufa kwenye maji ambayo ukiyatazama kutoka upande wa kisiwa wadhani utayavuka kwa kuogelea. Wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi bandarini na viwandani. Jirani yetu alikuwa na wapangaji kutoka huko bara, nao walikuwa wamewaachia wazee wao nambari yetu. Simu ile haikunyamaza tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Babangu alikaa kitini akiandika majina nyuma ya bahasha, akatutuma sisi watoto wakubwa hospitali kuu kule Makadara kuuliza, tukarudi, akapiga kuwajibu. Wengine aliwajibu kwa furaha. Wengine aliwaambia wamkabidhi simu mwanamume aliye karibu. Mlangoni kwetu watu walikuwa wamesimama hadi kichochoroni, kimya, wakisikiliza upande mmoja tu wa mazungumzo.

Niliyoyasema hayo yalitegemea waya mbili za shaba nyembamba kuliko uzi wa kufumia. Nataka mtu wa ofisini anayedhani simu ya mezani ni kumbukumbu ya wazee ajue jinsi ilivyofanya kazi. Stima ya simu ile haikutoka nyumbani. Ilitoka kwenye mitambo ya simu mjini, volti 48, na mitambo ile ilikuwa na safu za betri kubwa na jenereta nyuma yake. Stima ya nyumba ikipotea, waya wa simu hauna habari. Tulikaa gizani na mishumaa tukapiga simu. Mlingoti wa simu za mkononi nao una betri, lakini ni ya saa chache, na mji mzima ukiwa gizani kila mtu hupiga kwa wakati mmoja. Tena waya ule ulikuwa na mwisho unaojulikana: mtu akiuinua mkono wa simu asiweze kusema, mitambo ilijua ni nyumba gani.

Na sauti. Mamangu sikio lake la kushoto limechoka. Kwa simu ya mezani aliuegemeza mkono wa simu, mdomo uko mdomoni na sikio liko sikioni, akazungumza na dadake wa Lamu nusu saa bila kusema "ati?" hata mara moja. Kwa simu ya mkononi huishika mbele ya uso kama kioo, akapiga kelele, shavu likagusa kitu, simu ikakatika. Mwaka uliopita mtu alimpigia kwenye simu hiyo, akamwita mama kwa adabu zote, akamwomba nambari ya siri ya pesa zake. Alikuwa ameshaanza kumtajia nilipoingia chumbani. Simu ya mezani haikuwa na pesa ndani. Tapeli angepiga akafaidi salamu.

Waya wetu uliibwa usiku mmoja 2014. Tuliamka simu haina mlio. Nikatoka nje nikaona kwenye nguzo vipande viwili vinaning'inia, vimekatwa safi. Waya wa nyumba kumi na nne ulikwenda usiku ule kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shaba ikishayeyushwa haina jina la mwenyewe. Tulipoenda kuripoti tuliambiwa laini za mtaa ule zikiibwa hazirudishwi tena, wateja waliobaki ni wachache mno. Naelewa hesabu hiyo. Lakini Januari 2022, nguzo za stima zilipohujumiwa na nchi ikaingia giza, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa miezi kadhaa. Kumbe uwezo wa kuilinda shaba ulikuwako. Kabla ya hapo shaba ya simu iliondoka pole pole, kichochoro kwa kichochoro, na haikusimamishwa biashara ya mtu hata siku moja.

Siziandiki hizi kwa kuchukia simu ya mkononi. Kabla haijaanza kuenea mwaka 2000, asiyekuwa na jamaa mwenye laini alipanga foleni kwenye vibanda nje ya Posta ya Digo Road na sarafu mkononi, na mwenye kibanda kibovu alirudi nyumbani hajasema lake. Nchi nzima ilikuwa na laini za mezani laki tatu na ushei tu. Mwaka 2020 laini za mkononi zilikuwa zimepita milioni 60. Muuza samaki wa Kongowea sasa anapokea pesa zake palepale mezani, na hilo ni jambo kubwa. Sitaki mturudishe kwenye kungoja miaka minne. Ninachosema ni kwamba tulipofurahia simu ya kila mtu, hatukuuliza simu ya kila mahali itakuwaje, na ninyi ambao kazi yenu ni kuuliza hamkuuliza pia.

Zungukeni mji wenyewe mkaone. Chukueni vituo vya afya, vituo vidogo vya polisi, ofisi za machifu, shule za msingi. Mara nyingi mtakuta nambari ya mkononi imeandikwa kwa chaki au kwa kalamu, na nyingine imefutwa juu yake, na nyingine juu yake tena. Hizo ni nambari za watu waliohama, waliostaafu, na mmoja wa mtaani kwetu aliyekwisha kufariki. Nilipompigia huyo alipokea mjane wake. Akaniambia bado hupigiwa na watu wanaotaka barua ya kitambulisho, na kila akipigiwa huanza kilio upya.

Kwa hivyo naomba mambo haya, na kila mmoja wenu ana sehemu yake. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti huduma za afya na za zima moto na kukabiliana na majanga. Basi Gavana, kila kituo cha afya na kila kituo cha zima moto Mombasa kipewe nambari ya kituo, isiyo ya mtu, iandikwe kwa rangi ukutani, na simu yake ikae mezani imefungwa kwa waya ili isitoke na mtu jioni. Sijali kama waya wenyewe ni wa shaba au wa nyuzi za kioo (fiber). Ninalojali ni kwamba nikipiga saa sita usiku ilie ndani ya jengo lile, apokee aliye zamu, awe ni nani.

Mheshimiwa Waziri, polisi na machifu ni wa serikali kuu, na la kwao liko kwako. Na hapa kuna tahadhari moja ambayo nchi nyingine zimeshaipata kwa machungu. Simu inayopita kwenye nyuzi za kioo haiji na stima yake. Stima ikipotea, kisanduku cha ndani kinachoiendesha kinazima na simu inazima. Uingereza kampuni za simu ziliamua kuzima mtandao wa simu za mezani wa zamani ifikapo mwisho wa 2025, kisha zikalazimika kuisogeza tarehe hadi Januari 2027, kwa sababu wazee na wagonjwa wenye vifaa vya kuomba msaada walianza kukatika. Huko kampuni hutakiwa kumpa mteja anayetegemea simu hiyo pekee njia ya kupiga nambari za dharura kwa angalau saa moja stima ikipotea. Hapa kwetu saa moja haitoshi, ninyi wenyewe mwajua giza letu hudumu kiasi gani. Betri ya saa 12 kwa kituo cha afya na cha polisi si kitu kikubwa. Maduka ya Digo Road yanaziuza kwa ajili ya televisheni. Japani, nchi ya simu za kisasa kuliko zote tunazozijua, imeviweka vibanda vya simu kwa makusudi ya majanga. Tetemeko la 2011 lilipopiga na simu za mkononi zikaelemewa, watu walipanga mistari kwenye vibanda hivyo.

Pesa? Sheria ya mawasiliano ilipofanyiwa marekebisho 2009 iliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, na kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Hazina hiyo imejenga milingoti kwenye maeneo yasiyokuwa na mtandao na kuziunganisha shule na intaneti, na wanaoishi huko wamefaidika. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayoisimamia. Naiomba itambue kwamba mtu aliye katikati ya Mombasa, hatua mia tatu kutoka kituo cha afya, asiyeweza kukipigia, naye yuko nje ya huduma.

Jambo la mwisho ni la wale wachache ambao laini zao za nyumba zingali hai. Wako Ganjoni, wako Tudor, wako Kizingo, wengi ni wazee. Asikatiwe mtu bila kuarifiwa kwa barua na miezi ya kujipanga. Na aruhusiwe kuihamisha nambari yake ya nyumba kwenye simu ya mezani inayotumia laini ya mkononi, kama wenye simu za mkononi wanavyoruhusiwa kuhama na nambari zao tangu 2011. Kwa mzee wa miaka themanini nambari ile ndiyo aliyowaachia wanawe walio ng'ambo, na walio ng'ambo ndiyo waliyoihifadhi.

Najua kutakuwa na atakayesema Mombasa ndiyo mlango wa intaneti ya nchi hii. Ni kweli. Kebo ya TEAMS ilifika hapa 2009 kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, SEACOM mwaka huohuo, EASSy 2010, na kabla ya karne ya 19 kwisha ilikwishafika kebo ya telegrafu kutoka Unguja. Hizo zote ni nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na ujumbe wa simu ya mkononi unaokwenda Dubai hupanda waya kabla haujatoka pwani hii. Nyaya zapita chini yetu zikielekea Nairobi, Kampala na Kigali. Tunaloomba ni hatua mia tatu zake.

Ndani ya mlango wa kabati la ukumbini kuna karatasi ya babangu, ameandika nambari kwa hati yake ya kuinama: hospitali, polisi, zima moto, posta, shule, ofisi ya bandari, daktari wa mtaa. Nilizipiga zote wiki iliyopita, moja moja, kutoka kwenye ngazi karibu na dirisha. Haikupokewa hata moja. Sikuzifuta. Nimebandika karatasi mpya kando yake, nikaandika "Kituo cha afya" kwa herufi kubwa mamangu aweze kusoma bila miwani, na mbele yake nimeacha nafasi ya tarakimu kumi. Kalamu nimeifunga kwa uzi hapohapo.

Nangoja jibu lenu.

Mkazi wa Kibokoni,
Mombasa